Kiunzi Kisichoanguka

Nilipokuwa kidato cha tatu Kibondo, nilikimbia mbio za kuruka viunzi. Viunzi vyetu vilikuwa fito za mikaratusi zilizofungwa kwa kamba juu ya vigingi. Ukivigonga havikuanguka, ulianguka wewe. Kovu lipo gotini mpaka leo. Tuliambiwa maumivu yanakomaza, nami nikaamini.

Niligusa kiunzi halisi nikiwa tayari nasomea shahada ya umahiri. Nilikisukuma kwa mkono, kikalala. Kumbe kimetengenezwa kianguke. Katika mita 400 za wanaume vipo 10, kila kimoja kina kimo cha sentimita 91.4, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 35. Vipimo ni vilevile kwa kila mkimbiaji, na ukikiangusha kwa bahati mbaya, unaendelea na mbio.

Tangu siku hiyo namfikiria John Akii-Bua wa Uganda. Mwaka 1972 mjini Munich alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali. Alishinda kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza kushuka chini ya 48. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipokuwa ukianguka, bingwa huyo alikimbilia Kenya na kuishi kama mkimbizi.

Tunapenda kuziunganisha habari hizi mbili: aliruka viunzi uwanjani, akaruka na vya maisha. Hapo ndipo ninapokataa. Viunzi vya Munich alivichagua, alivijua idadi, na wapinzani wake waliruka vya kimo kilekile. Cha 1979 hakukichagua, na hakuna aliyekipima.

Kasulu, jirani zetu, ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Baadaye wakaja na Warundi. Nimewasikia watu wenye nia njema wakiwaambia vijana wa huko kwamba shida ni shule, waruke tu. Sibishi kwamba wapo wanaoruka, na wanastahili makofi. Ninachouliza ni hiki: makofi yetu yanamwacha wapi aliyeweka kikwazo? Na yule aliyejikwaa, tumwambie hakujituma? Ujasiri wa mwathirika usigeuke kuwa msamaha kwa aliyemtesa, maana msamaha huo si wetu kuutoa.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani nikakuta watoto wakiruka fito zilezile, zimekazwa kwa kamba. Nikazifungua kamba, nikaziegesha fito juu ya vigingi ili ziporomoke zikiguswa. Mmoja wao akanitazama kwa mashaka.

“Kaka, huku si kutudekeza?”

Nikapandisha suruali, nikamwonyesha goti.