Mizani na Akili ya Watu Watatu



Tulipokuwa Nuu, upande wa Kitui, wakati wa mavuno ya pojo, tulimwona mnunuzi mmoja akipima mizigo ya watu huku simu kaibana begani na mikono yahesabu fedha. Tulipomnasihi alicheka, akasema, "Mimi nina akili ya watu watatu."

Wako wengi wadhanio hivyo, kwamba kufanya mambo mengi kwa pamoja ni dalili ya akili. Wengine wadai kinyume, kuwa mazoea hayo huila akili. Nao huleta khabari iliyoenea mwaka 2005, eti barua za kompyuta humpunguzia mtu akili kuliko bangi. Yatupasa tuulize kama walivyouliza wanavyuoni wa Hadithi: nani kaipokea kwa nani? Asili yake ni jaribio dogo la Glenn Wilson wa London, lililogharimiwa na kampuni ya Hewlett-Packard, wala halikutolewa katika jarida la kielimu. Mwenyewe alilalamika kuwa limepotolewa. Aliyesumbuliwa na simu akakosea hesabu, akili yake haikupungua, kasumbuliwa tu.

Na mwaka 2009, huko Stanford, Marekani, wanafunzi waliozoea kutazama vyombo vingi kwa pamoja walionekana dhaifu kuliko wenzao katika kuyaacha yasiyowahusu. Basi sifa ya akili ya watu watatu haikupata shahidi hapo. Lakini wala haikuthibiti kuwa mazoea ndiyo yaliyowadhoofisha. Huenda walikuwa hivyo tangu hapo.

Sisi nasi hatukusalimika. Tumesikia aya ya 4 ya Suratul-Ahzab, itajayo kuwa mtu hakuwekewa nyoyo mbili, ikifanywa hoja ya jambo hili. Aya hiyo yaendelea na hukumu ya dhihari na ya watoto wa kupanga. Si haki kuikata katikati.

Kina mama wa Kikamba husuka vyondo huku wakitembea, na msuko hauharibiki, kwa kuwa vidole vimekwisha zoea. Kusoma mizani na kubishana bei kwa simu si kama hivyo. Yote mawili yaitaka fikira ile ile moja.

Tulimwomba yule mnunuzi aupime tena mzigo wa bibi mmoja asiyejua kusoma tarakimu. Zikaonekana kilo tatu zaidi ya alizoandika. Alimlipa palepale. Waliopimiwa kabla yake walikuwa wamekwisha kwenda zao.