Ua na Debe la Maji

Mwenye bustani ya maua huulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote: "Hayo unayoyatunza huliwa?" Muulizaji aghalabu hana nia mbaya. Ameona kipande cha ardhi ambacho kingeweza kutoa mchicha, maji ambayo yangeweza kupikia, na mikono ambayo ingeweza kushika kazi ya ujira. Na vyote hivyo vimetumiwa kwa kitu kipendezacho asubuhi na kunyauka jioni. Swali lake ni la haki, nasi tusilikimbie. Katika nchi ambayo wengi hupata riziki kwa jasho, na ambamo mvua mara nyingine huchelewa, je, yafaa mtu kutumia nguvu zake kwa ua? Nataka, msomaji wangu, tulipime jambo hili mimi na wewe kwa utulivu, kama wapimavyo wachuuzi waaminifu, bila ya kuweka kidole juu ya mizani.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuihukumu. Wako wanaodhani kuwa bustani ya maua ni starehe ya mvivu. Mvivu hawezi kuwa na bustani ya maua hata kwa mwezi mmoja. Mwenye mwaridi huamka kabla ya jua kuwa kali, kwa kuwa maji yamwagwayo adhuhuri mengi huchukuliwa na joto kabla ya kuifikia mizizi. Huyamimina shinani, wala hayanyunyizi juu ya majani, kwani majani yakaayo na unyevu hupata ukungu na madoa meusi. Hupalilia kwa mkono, ameinama, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huifunika ardhi kwa majani makavu ili unyevu usitoroke. Samadi huiacha ioze sawasawa, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi. Hupekua upande wa chini wa majani kutafuta vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa machipukizi, akawaosha kwa maji ya sabuni. Lakini akimwona yule mdudu wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi humwacha aende zake, kwani chakula chake ni vidukari hao hao.

Kisha huja siku ya kupogoa. Mwanagenzi hushika makasi na mkono wake hutetemeka, kwa kuwa huona ukatili kukata tawi lililo hai. Lakini mwaridi usiokatwa hurefuka ukawa na miiba mingi na maua machache. Mwenye kujua hukata juu kidogo ya jicho litazamalo nje, ili chipukizi jipya lielekee kwenye nuru na katikati ya mti pabaki njia ya hewa. Hapo hujifunza jambo ambalo wazazi na walimu hulijua, nalo ni kuwa mkono ukatao huweza kuwa ule ule upendao.

Hizo ndizo kazi. Furaha zake je? Furaha za bustani ni ndogo, nazo haziji kwa kuitwa. Ni tumba lililokuwa limefumba jana, likaonekana leo limepasua ncha yake. Ni nyuki aliyejaa chavua miguuni, asiyejua kuwa anatazamwa. Nyumbani kwetu pwani furaha kubwa ilikuwa yasmini. Maua hayo huchumwa alasiri yakiwa bado matumba meupe, nayo hufunguka baada ya jua kuchwa. Mama aliyatunga kwa uzi, mengine akayafunga pamoja na mrihani kufanya kikuba. Usiku nyumba yetu, iliyokuwa ya makuti na udongo, ilinukia kama nyumba ya mfalme. Hatukuwa matajiri, na harufu ile haikutuongezea hata senti moja. Lakini nikikumbuka utoto wangu sikumbuki kwanza tulivyovikosa. Nakumbuka usiku wa yasmini.

Hapa wako watakaotaka kunisaidia kwa hoja ya fedha. Watasema: "Maua nayo ni mali. Tazama Naivasha, jinsi mawaridi yakatwavyo na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Tazama pareto ya nyanda za juu, ambayo ua lake hutoa dawa ya kuulia wadudu." Hayo ni kweli, na maelfu ya watu wa nchi yetu hupata mkate wao humo. Lakini hoja hiyo haijibu swali letu. Imelisogeza tu mbali kidogo. Waridi la Naivasha lina bei kwa sababu gani? Lina bei kwa sababu mtu fulani katika nchi ya baridi amelitaka ili ampe mama yake, au aliweke mezani, au alilaze juu ya kaburi. Yeye naye halili. Basi soko lote hilo, pamoja na ndege zake na hesabu zake, limesimama juu ya moyo wa mtu aliyependa ua bure. Bei huja nyuma ya upendo. Haiwezi kuwa sababu yake.

Sasa nitakusimulia kosa langu, kwa kuwa mizani isiyowekewa uzito upande wa pili si mizani. Mwaka mmoja, nilipokuwa mvulana wa rika lako, kaskazi ilivuma muda mrefu na kisima cha jirani kikakauka. Maji tuliyachota mbali, na kila debe lilikuwa na hesabu yake. Mimi nilikuwa na mwaridi wangu mwenyewe, nilioupanda kwa kipandikizi nikauangalia kama mtu aangaliavyo ndugu mgonjwa. Jioni moja niliona majani yake yamelegea. Nikachukua debe la mwisho lililowekwa uani, nikalimimina lote shinani, nikaenda kulala nimeridhika.

Usiku ule jirani yetu alibisha hodi. Mwanawe alikuwa na homa na nyumbani kwake hapakuwa na tone. Mama alimwambia, "Karibu, dada, debe lipo uani," akaenda nalo mwenyewe, akalikuta tupu. Sitasahau sauti ya debe lile lilipogonga sakafu. Mama hakunipiga. Alinipa ndoo mbili na taa, tukaenda pamoja hadi kisima cha mbali, tukarudi gizani bila ya kusema neno. Mtoto alipona. Asubuhi nilishika jembe niung'oe mwaridi wangu, nikidhani kuwa hiyo ndiyo toba. Mama akanishika mkono. "Mwanangu," alisema, "ua halikukosa. Umekosa wewe." Tangu siku ile maji ya kunywa hayakugusa tena shina la ua. Mwaridi ulipata maji yaliyooshewa mchele, na mara nyingine haukupata hata hayo. Ulipoteza majani yake yote, lakini masika yalipofika ulichipua.

Msomaji, tafakari maneno ya mama yangu. Angaliweza kusema kuwa maua ni upuuzi, nami ningalimwamini. Angaliweza pia kunisamehe kwa kuwa nilitenda kwa mapenzi. Hakufanya lolote katika mawili hayo. Alinifundisha kuwa haja ina haki ya kutangulia, lakini haina haki ya kubaki peke yake. Kiu ya mtoto huja mbele ya kiu ya ua, na anayelibishia hilo amepotewa na utu. Mtu anyunyizaye majani ya uani mwake kwa mpira mchana kutwa, huku majirani zake wamepanga mitungi kwenye bomba moja, bustani yake ni nzuri kwa macho na mbaya kwa dhamiri. Lakini mtoto akisha kunywa, hatukuamriwa kulichukia ua.

Wako wasemao, "Tuache uzuri mpaka umaskini uishe." Maneno hayo yana sura ya hekima, lakini hayakupimwa. Siku ambayo haja zote zitakwisha haimo katika kalenda. Anayeahirisha kupenda vizuri mpaka siku hiyo huzoea kuishi bila navyo, na fedha zimjiapo huwa hajui tena kuvitazama.

Na upendo nao usiwe kipofu. Magugu maji ya Ziwa Viktoria yana ua zuri la rangi ya zambarau hafifu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliyachukua nchi kwa nchi kwa sababu ya uzuri wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionekana katika ziwa letu, na katika miaka ya 1990 yaliziba fuo na bandari, mashua za wavuvi zikakwama. Ua lile halikuwa na hila. Mtu ndiye aliyepanda asichokijua. Kabla ya kupanda, uliza mmea huu hutoka wapi, hukua vipi, na utakwenda wapi ukikuponyoka.

Basi swali letu la kwanza tulijibuje? Ua haliliwi, tukubali. Lakini kumtunza akupaye chakula ni biashara, na hata mfugaji mchoyo humlisha ng'ombe wake. Kutunza kitu kisichoweza kukulipa ni zoezi la aina nyingine. Mkono uliozoea kuamkia mmea usio na faida ndio utakaojua kumwamkia mgonjwa asiye na shukrani, na mzee asiye na urithi wa kuacha. Sisemi kuwa kila mwenye bustani ni mwema, maana mimi mwenyewe nimekwisha kukuonyesha kinyume chake. Nasema kuwa bustani humpa mtu nafasi ya kujizoeza kila siku, naye huchagua kuitumia au kuiacha.

Ukitaka kujaribu, huhitaji shamba. Tafuta kopo kuukuu, ulitoboe chini, ulijaze udongo na samadi iliyooza, uchomeke kipandikizi, ukiweke karibu na mlango. Ukipe maji ambayo mtu hayahitaji. Ukitunze muhula mmoja, kisha ujiulize umekuwa mtu wa namna gani.

Miezi michache baada ya ukame ule, jirani yetu alibisha hodi tena. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alikuja kuomba yasmini. Mama alimpa zote. Hakuuliza kama huliwa.