Je, Maji Hupigiwa Kura?

Katika kufundisha methali, mwalimu wa Kiswahili hukutana na methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hugombana. Ya kwanza yasema, "Wengi wape." Ya pili yasema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Mwanafunzi mwerevu huuliza: Basi tufuate ipi? Nasi aghalabu humjibu kwamba kila methali ina mahali pake. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfai kitu ikiwa hatukumwonyesha mahali penyewe ni wapi. Tungependa kupatafuta hapa, na mfano wetu tutautoa mbali kidogo, katika pwani ya kusini ya Uingereza.

Mjini Bournemouth, kuanzia mwaka 2008 hadi 2024, yalifanywa karibu kila mwaka maonyesho makubwa ya ndege. Ndege ziliruka juu ya bahari mbele ya ufuko, na wenye vyombo walikuja kutazama kutoka majini, wakitia nanga nje ya eneo lililokatazwa. Waliongojewa kwa hamu zaidi ni Red Arrows, kikosi cha Jeshi la Anga la Uingereza kilichoundwa mwaka 1964, ambacho ndege zake, kwa kawaida tisa, huruka zikikaribiana mno na kuacha moshi mwekundu, mweupe na wa buluu.

Na tumfikirie nahodha mmoja wa mashua ndogo ya tanga, atokaye Lymington pamoja na marafiki wanne kwenda kuyatazama maonyesho hayo. Njia yake hupita Hurst, mahali ambapo bahari kati ya nchi kavu na Kisiwa cha Wight hubanwa ikawa nyembamba. Maji yanapotoka, mkondo huelekea magharibi na kumsukuma aendako. Yanapoingia, hurudi mashariki na kumleta nyumbani. Wakati wa bamvua mkondo wa hapo hupita maili nne za baharini kwa saa, na mashua yake haiendi zaidi ya tano. Akikosea saa, atatweka tanga na kukata maji, lakini nchi kavu ataiona imesimama pale pale.

Kwa hiyo nahodha huyo hufanya hesabu kabla ya safari. Tuseme siku hiyo mkondo wa kurudi utageuka saa 1 na robo jioni. Kutoka Bournemouth hadi Hurst ni mwendo wa saa mbili. Akiweka akiba ya dakika 45, hana budi kung'oa nanga saa 10 na nusu. Red Arrows wamepangiwa saa 10 kamili. Mambo ni mazuri.

Lakini alasiri mawingu yanashuka, na inatangazwa kwamba ndege zitachelewa kwa muda wa saa nzima. Saa ya wanadamu imesogezwa. Saa ya bahari haikusogea. Abiria wanne wanasema: Tumekuja kwa ajili ya ndege hizo, nasi tu wengi, tungoje. Nahodha ni mmoja. Je, wengi wapewe?

Wako watakaosema kwamba nahodha akikataa atakuwa mwenye kiburi, kwani safari ni ya wote. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, tukiichunguza tutaona kwamba abiria wanapiga kura juu ya mambo mawili bila kuyatenganisha. La kwanza ni furaha yao, nayo ni mali yao. Kama wako radhi kukimbilia bandari ya Poole, iliyo karibu, na kulala huko, hilo ni lao kuliamua, na nahodha hana haki ya kuwazuia kwa ubishi tu. La pili ni mkondo wa Hurst. Huo si mali ya yeyote. Upepo wa kusini-magharibi ukikutana na maji yanayotoka, mawimbi husimama wima kando ya fungu la kokoto lililo nje ya Hurst, tena jua limekaribia kutua. Kura nne haziyapunguzi mawimbi hayo hata shubiri moja.

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo mahali tulipopatafuta. "Wengi wape" ni methali ya mambo yaliyo mikononi mwa watu. Palipo na jambo lisilosikia kauli ya mtu, wengi hawana cha kupewa, na hapo chombo chataka nahodha mmoja.

Ila tusimpe nahodha zaidi ya haki yake. Wapo viongozi wengi ambao, wakitaka kunyamazisha watu, husema "maji hayaruhusu", na kumbe maji yanaruhusu sana. Wasioruhusu ni wao wenyewe. Nahodha mwaminifu hutambulikana asubuhi. Huwaonyesha wenzake hesabu yake kabla hawajapanda, huwaambia saa ya mwisho, na kuwauliza: Likitokea la kuchelewa, tutarudi au tutalala Poole? Wakati huo hakuna ndege angani, wala moyo haujashikwa na tamaa. Neno waliloafikiana asubuhi si amri ya mtu mmoja tena. Ni ahadi yao wote. Jioni nahodha huilinda ahadi hiyo, hata wakimnunia njia nzima.

Wengi wa wanafunzi wetu wamekulia kando ya maziwa, Tanganyika au Kivu, ambako maji hayajai wala kupwa mbele ya macho ya mtu. Kwao neno "kupwelewa" ni la kamusini tu. Tuwafundishe kwamba ni hali ya chombo kuachwa na maji mahali pakavu, na kwamba aliyepwelewa hakuonewa na bahari, kwa kuwa saa zake zilijulikana tangu asubuhi. Kisha tuwaulize, kabla ya kura yoyote ile: Je, jambo hili lasikia kauli zetu, au ni maji?