Je, Ni Haki Kuacha Chakula Kioze Ili Watu Watazame?



Mwaka 1991, katika mji wa Charleston, Marekani, msanii Ann Hamilton alichukua gereji ya zamani akaijaza nguo za kazi za rangi ya buluu. Zilikuwa mashati na suruali za vibarua, zimekunjwa moja moja na kulundikwa mpaka zikawa kilima. Katika chumba cha juu alitundika magunia ya soya. Mji ule una joto na unyevu mwingi, basi soya ikachipuka ndani ya magunia, kisha ikaoza.

Sisi tunaopimiwa maharage kwa kikombe tuseme nini? Neno la kwanza linalotujia ni upotevu, wala hatuoni haya kulisema. Mtoto aliyelala njaa hana haja ya kuelezwa maana ya gunia linalooza.

Lakini tusihukumu haraka. Charleston ilitajirika kwa mpunga na kwa nili, ule mmea unaotoa rangi ya buluu, na walioilima nili walikuwa watumwa, watu waliotolewa Afrika na watoto wao. Mabwana waliandikwa vitabuni kwa majina yao. Wengi wa waliolima hawakuandikwa. Mbele ya lundo lile la nguo mtu aliketi mezani, akifuta maandishi ya vitabu vidogo vya buluu kwa kifutio na mate yake, ukurasa baada ya ukurasa. Zilizobaki kutuambia kwamba kulikuwa na watu ni nguo zisizo na mwili ndani yake. Jambo hilo, wengi wetu hapa tunalielewa bila mwalimu.

Tunakumbuka pia kwamba pale Bethania wanafunzi walinung'unika juu ya mafuta ya thamani, na hesabu yao ya bei haikuwa na kosa. Ila yule mama alimimina mafuta yaliyokuwa yake. Hapo ndipo tunapoweka mpaka. Msanii aliyenunua soya yake akaiacha ioze, tunaweza kubishana naye; lakini anayeacha ioze iliyokuwa ya kugawiwa watu, huyo hatubishani naye, ni mwizi.

Sisi wenyewe tunaipenda zaidi kazi ya Agnes Denes, mzaliwa wa Budapest aliyelelewa Uswidi kabla ya kufika Marekani (naye basi alijua kuhama ni nini). Mwaka 1982 alipanda ekari 2 za ngano New York, juu ya kifusi kilichomwagwa kando ya maji, jirani na majumba ya fedha, kwenye ardhi iliyohesabiwa kwa mabilioni ya dola. Uliletwa udongo wa malori 200. Matuta 285 yalichimbwa kwa mkono, mawe na takataka vikaokotwa. Tarehe 16 Agosti wakavuna zaidi ya kilo 450. Vijana watasema hata hiyo ngano haikuandaliwa kwa ajili ya wenye njaa. Ni kweli, ilikuwa ya kuwauliza matajiri ardhi ni ya nini. Lakini mbegu zake zilizungushwa katika maonyesho kati ya 1987 na 1990, na watu wakazichukua kwenda kupanda.

Na sisi je? Kwetu kitenge kikichakaa huwa nepi, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, kisha huingia shimo la mboji nyuma ya nyumba, na juu yake tunapanda mchicha. (Nailoni msitupe humo, haiozi; tunaikuta mwaka unaofuata tukipalilia.) Hakuna aitaye upotevu huo, kwa sababu nguo imetumika mpaka mwisho.

Lakini kitenge cha mama aliyebaki njiani, hicho hakuna anayethubutu kukitia shimoni. Hakivaliki tena, panya wamekwisha kukianza, na bado kimefungwa chini ya kitanda, huku nyumba ya pili mtoto anatetemeka kwa baridi. Mbona hicho hatukiiti upotevu?