Mtoto Msikivu

Januari shule zikifunguliwa, Dar es Salaam hujaa mabasi ya njano. Saa 12 kasorobo asubuhi utawakuta watoto wa chekechea barabarani na dada wa kazi, sweta zimewazidi mikono, mabegi yanagonga magoti. Wiki ya kwanza ni ya vurugu. Mabasi ya shule moja yanafanana, anti wa gari bado hajazishika sura za watoto, na mtoto akiulizwa anaishi wapi anajibu, "Kwa mama." Anayejua zaidi atasema, "Mbezi." Sasa mji huu una Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo, na una Mbezi ya Kimara, huko Barabara ya Morogoro. Mtoto amesema kweli tupu na bado anaweza kupotea.

Mtoto wa dada yangu, miaka 4, alipelekwa Mbezi isiyo yake. Wakati wa kurudi nyumbani mwalimu wa zamu alimshika mkono, akampandisha basi, akamwambia akae. Alikaa. Wenzake walishuka mmoja mmoja hadi akabaki peke yake, na ndipo simu zikaanza kupigwa. Dada yangu alikuwa ameshazunguka mtaa mzima akiwa na kandambili za miguu miwili tofauti. Tulipomuuliza anti wa lile gari ilikuwaje asigundue mapema, alisema: "Alikuwa mtoto mzuri sana. Hakulia, hakusumbua."

Na mtoto mwenyewe alijua. Alituambia hakuliona lile banda la chipsi wanapokunja kona. Mbona hukusema? "Mwalimu alisema nikae."

Wengi huuliza kosa ni la nani. Swali hilo si gumu: ni la mtu mzima aliyempandisha bila kutazama orodha. Mimi nasumbuliwa na lile jibu la "mtoto mzuri". Utii, ambao kwetu ndio adabu ya kwanza, ndio uliomfunga kwenye kile kiti. Angepiga kelele, angeshushwa kituo cha kwanza.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na huko nimekutana na Annette Baier. Mwaka 1986 alichapisha makala kuhusu kuaminiana, akilalamika kwamba wanafalsafa wamelieleza jambo hili kana kwamba ni mkataba wa watu wazima wenye nguvu sawa, wakamsahau mtoto mchanga, ambaye huamini bila uwezo wa kujadiliana lolote. Darasani hoja hiyo niliipitia haraka. Baada ya siku ile niliirudia, maana mtoto hakuwa na masharti yoyote na yule mwalimu. Alipewa mkono, akaushika.

Najua upande wa pili, na si wa kupuuzwa. Huwezi kuvusha watoto 30 barabara kubwa kama kila mmoja anataka kwanza aelezwe. Ukisema "simama!" na yeye akauliza kwa nini, bodaboda imeshafika. Lakini kusimama ukiambiwa simama ni kitu kimoja. Kunyamaza huku ukiona njia siyo ni kingine, na sisi tumevifundisha kwa fimbo moja na jina moja. Huko kunyamaza kunamfaidia nani? Naona kunatufaidia sisi wakubwa, tupate safari tulivu.

Basi dada yangu alishona namba ya simu ndani ya sweta. Mimi, mama mdogo, nilimfundisha sentensi moja: "Anti, gari hili linaenda wapi?" Tuliirudia jikoni hadi akaanza kuiimba.

Wiki ya pili dada akaletewa malalamiko. Mtoto amekuwa mbishi, kila akipanda lazima aulize, na sasa wenzake wanamwiga. Gari zima linauliza. Mama aongee naye.

Dada alinitumia ujumbe ule kama ulivyo, kisha akaandika chini yake: "Nimjibu nini?"