Huchoma Mwiba, Huwasha Upupu

Mwiba huchoma, upupu huwasha. Wazee hawakuvichanganya vitenzi hivi viwili, na naamini walikuwa na sababu.

Kuwasha kumetokana na kuwaka, kama choka ilivyozaa chosha. Aliyeguswa na upupu, kwa hiyo, ametiwa moto mwilini. Kitenzi kikarudiwa, likapatikana neno washawasha: kila kinachoiunguza ngozi bila kuonyesha ndimi za moto. Siku hizi Tanzania hata gari la polisi linalomwaga maji ya kuwasha huitwa hivyo.

Utazame upupu kwa karibu, lakini usiuguse. Ni mmea utambaao, wa jamii ya maharage, hupenda vichaka na mashamba yaliyoachwa. Maganda yake yamepinda na kufunikwa vinyweleo vya hudhurungi vinavyong'aa juani. Yakikauka, vinyweleo hukatika na kupeperushwa na upepo, hata mpita njia asiyegusa kitu akavipata. Vina protini inayoitwa mukunaini, na hiyo ndiyo inayoleta mwasho. Anayejikuna huvisambaza: mkono uliokuna kiwiko huenda shingoni, kisha machoni, kisha kwa mtoto aliyebebwa.

Mwiba una nafuu yake. Unauona ulipoingia, unautoa, damu inakauka. Ndivyo lilivyo tusi la ana kwa ana: linauma, lakini unamjua aliyelitamka na mnaweza kuitwa barazani mkapatana. Fitina ni upupu. Haina shina la kushika, kila anayeisimulia anasema kaisikia kwa mwingine, na anayeikuna kwa hasira ndiye anayeieneza. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuzikana kwa neno ambalo hadi leo hakuna aliyekiri kulisema. Hilo linanihuzunisha kuliko matusi yote ya sokoni.

Ndiyo maana wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Walichagua kitenzi kile kile. Mtu anayewashwa na mambo ya nyumba isiyo yake ameshafikiwa na vinyweleo, na nyumba ya pili atakayoingia ataviacha mkekani.

Basi ukiletewa habari ya jirani yako usiku huu, mwulize aliyeileta: wewe uliyaona mambo hayo kwa macho yako? Akisita, mkaribishe chai, mzungumzie mvua na mashamba, na habari ile uiache ikome kwako.