Kamera Imeshikwa na Nani?



Wapendwa vijana, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Likizo moja nikiwa nyumbani, mdogo wangu, mtoto wa shangazi, aliniuliza, "Kaka, hivi ile filamu ya Megan umeshaiona? Darasani kwetu wote wanaiongelea." Alikuwa na miaka 15 na ndiyo kwanza amepata simu. Mimi nilikuwa nimeshaiona. Nikamwambia, "Iangalie tu. Itakufundisha kuwa makini na watu wa mtandaoni."

Nilijiona nimetoa ushauri wa maana. Frateri mwenye shahada ya falsafa, nani angenipinga? Ila leo nadhani nilikosea, na ningependa tufikiri pamoja nilikosea wapi.

Filamu yenyewe inaitwa Megan Is Missing, yaani Megan ametoweka. Iliongozwa na Mmarekani Michael Goi na ilitoka mwaka 2011. Mwaka huohuo New Zealand iliipiga marufuku. Mwaka 2020 ikafufuka TikTok, vijana wakijirekodi jinsi walivyotetemeka baada ya kuitazama, mpaka mwongozaji mwenyewe akatoa video ya tahadhari: msiitazame usiku wa manane, wala msiitazame peke yenu. Unajua binadamu tulivyo. Ukituambia tusiangalie, ndipo tunapotafuta.

Imetengenezwa kwa ule mtindo uliopata umaarufu mkubwa tangu The Blair Witch Project ya mwaka 1999: unaoneshwa maigizo kana kwamba ni video halisi zilizookotwa mahali. Megan ana miaka 14, rafiki yake Amy ana miaka 13, wanaishi California. Megan anazoeana mtandaoni na kijana anayejiita Josh. Josh anasema kamera yake ni mbovu, kwa hiyo Megan hamwoni sura hata siku moja. Anakwenda kukutana naye, harudi. Mwishoni Amy naye anachukuliwa. Kama dakika 20 za mwisho zinaonesha mateso ambayo sitayaeleza hapa.

Sasa swali letu. Je, ni jambo jema kutazama uovu ili tujifunze kuukwepa?

Tuwatendee haki wanaosema ndiyo. Hoja yao si ya kijinga. Mwongozaji alisema alitaka kuwaamsha wazazi na vijana. Hatari anayoionesha ipo kweli. Wapo watu wazima wanaojifanya vijana ili wawapate watoto. Na hofu yenyewe si dhambi. Mungu ametuumba tuogope moto ili tusiungue. Wazee wetu nao walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Bora mtoto alie leo mbele ya filamu kuliko kesho mikononi mwa mtu mbaya. Ndivyo nilivyofikiri mimi.

Lakini kuna jambo sikuliuliza. Katika filamu za aina hii daima kuna mtu aliyeshika kamera. Hiyo ndiyo siri ya mtindo wenyewe: macho yako yanakaa mahali pa macho yake. Mwanzoni kamera wanayo wasichana wenyewe, nawe unacheka nao na kuwapenda. Mwishoni kamera ya Amy iko mikononi mwa mhalifu. Huoni tena anachokiona Amy. Unamwona Amy kama anavyoonwa na yule anayemtesa. Na hapo huna la kufanya. Huwezi kumsaidia, huwezi kupiga kelele akasikia. Umebakiziwa kazi moja tu, kutazama.

Mtaniambia, "Frateri, ni maigizo tu, hakuna aliyeumia." Kweli. Ila tendo langu la kutazama si maigizo. Ni mimi niliyekaa pale, ni moyo wangu uliozoea. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akizungumzia tabia mbaya ya udadisi, anafundisha kwamba kutazama maonesho kunakuwa kubaya pale yanapomwelekeza mtu kwenye tamaa au ukatili. Angalieni, hasemi kwamba lazima kwanza umpige mtu. Anaanzia kwenye jicho.

Mtakatifu Augustino naye anatusimulia habari za rafiki yake Alipio. Rafiki zake walimkokota kwenda kwenye uwanja wa michezo Roma, mahali ambapo watu waliuana mbele ya watazamaji. Alipio akajiamini: nitakaa pale nimefumba macho, nitawashinda. Mara umati ukapiga kelele. Akafumbua macho, akidhani atatazama na kudharau. Akanasa. Siku nyingine akarudi mwenyewe, tena akiwavuta wengine. Mbona mnashangaa? Mimi niliitazama filamu hii hadi mwisho nikijiambia ni kwa ajili ya utume wa vijana. Kisha nikamwelekeza mtoto wa shangazi yangu. Alipio ni mimi.

Yaliyofuata ni haya. Mdogo wangu aliitazama usiku, chini ya shuka. Kwa siku kadhaa alilala na taa inawaka. Shangazi akadhani ni malaria. Miezi michache baadaye kweli mtu asiyemjua akaanza kumwandikia. Hakuwa na kitu cha kutisha. Alikuwa mpole, aliuliza habari za masomo, alimtumia vocha, alimwambia kwamba anamwelewa kuliko watu wa nyumbani. Baadaye akaanza kuomba picha, na alipokataliwa akaanza vitisho. Yote hayo mdogo wangu aliyabeba peke yake kwa majuma matatu. Kama mama yake asingemkuta analia nyuma ya jiko, sijui yangeishia wapi.

Nilipokwenda kumwona nilimuuliza, "Mbona hukuniambia? Si nilikuonya?" Akajibu akiangalia chini, "Kaka, kwenye ile filamu yule Amy si alisema polisi? Ndiyo akachukuliwa na yeye."

Nilikosa la kusema. Na ni kweli, wapendwa. Amy anawaeleza polisi habari za Josh, na baada ya hapo zamu yake inafika. Mimi niliona filamu inayofundisha tahadhari. Mtoto wa miaka 15 aliona filamu inayofundisha kwamba anayesema ndiye anayefuata. Halafu alikuwa akimsubiri jitu la kutisha, kumbe aliyekuja alikuja na upole na vocha. Sehemu yenye mafunzo, zile siku za maneno matamu, kisingizio cha kamera mbovu, "usimwambie mtu", yote ilizimwa na zile dakika za mwisho. Nani anakumbuka mazungumzo baada ya kuona vile?

Kwa hiyo jibu langu leo ni hili. Onyo haliwi jema kwa sababu limetutikisa sana. Onyo jema ni lile linalomfanya anayeonywa aweze kusema. Kumwogopa Mungu kwenyewe, jinsi Kanisa linavyotufundisha, hutukimbiza kwake, hakutufichi mbali naye. Adamu alipojificha bustanini, hiyo haikuwa kazi ya Mungu. Hofu inayomfungia mtoto ndani ya siri inamfanyia mhalifu nusu ya kazi yake, kwa sababu siri ndiyo nyumba anayoishi.

Na tena, kumpa mtoto filamu ile ilikuwa njia yangu ya kukwepa. Ilikuwa rahisi kuliko kukaa naye nusu saa na kumuuliza, "Huko kwenye simu unaongea na nani siku hizi?" Swali hilo linataka muda, linataka usione haya, linataka usikilize bila kufoka. Nilimwachia filamu kazi ya kaka.

Basi, tufanye nini? Wewe unayetaka kuitazama kwa sababu wenzako wamekuchangamoto, huna deni kwa mtu. Kusema "mimi siangalii" si uoga. Wewe ambaye umeshaitazama na picha haziondoki kichwani, usijione mchafu. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na kama dhamiri inakusumbua, padre yupo kitubioni. Wewe mwenye wadogo zako, waulize leo, kisha nyamaza usikilize.

Na wewe ambaye sasa hivi kuna mtu anakutishia kwa picha au kwa maneno, nisikilize vizuri: kosa si lako. Hata kama ulituma picha, anayekutishia ndiye mkosaji. Usiendelee kumtumia kitu, usifute ujumbe wake, maana ni ushahidi. Mwambie mzazi, mlezi, mwalimu, katekista. Tanzania na Kenya namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116. Kwa Tanzania pia vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kinyume cha ile filamu, kusema ndiko kulikomwokoa mdogo wangu. Shangazi alikwenda naye kutoa taarifa, na vitisho vikakoma.

Siku hizi akinipigia simu, huanza na "Shikamoo kaka," halafu ananieleza mpaka mambo nisiyouliza. Nami namshukuru Mungu kwa kila neno, hata lile la saa nne usiku nikiwa na usingizi.

Swali la kutafakari juma hili: ni nani anaweza kuniambia jambo la aibu bila kuniogopa?

Tusali. Bwana Yesu, uliyewakumbatia watoto na kuwaonya vikali wanaowakwaza, yalinde macho yetu, uifungue midomo ya wanaoteswa kwa siri, utupe masikio ya kuwasikiliza. Amina.